Futa Tangu Mwanzo

"Sindano, nguo zimekauka. Anua."

Sauti ya Shangazi, mkuu wake wa kazi, ilipenya kwenye kipokezi kidogo sikioni. Maana yake ilikuwa moja. Lori limefika darajani.

Sindano alikuwa juu ya ngazi, katikati ya ofisi ya adui, bisibisi mkononi, mbele ya kiyoyozi alichokiua mwenyewe asubuhi ile kwa kifaa kidogo kuliko kiberiti. Simu ya kuomba fundi ilipopigwa, Shangazi ndiye aliyeipokea.

"Fundi mwenyewe ndiyo wewe, dada?" mlinzi wa getini alikuwa amemuuliza.

"Ulitaka nije na ndevu?"

Mlinzi alicheka mpaka akasahau kukagua sanduku la vifaa. Chini ya spana ililala bastola, Glock 19 yenye kiwambo cha kuzuia sauti.

Alishuka kwenye ngazi bila kishindo.

Chumba cha pili, mlango ukiwa umerudishwa nusu, Pamba alikuwa ananyolewa ndevu. Walimwita Pamba kwa sababu ya suti zake nyeupe na sauti yake laini. Kwa sauti hiyohiyo laini aliuza bunduki kwa yeyote aliyetaka kuchoma nchi ya mwenzake.

Na kwa sauti hiyohiyo aliamuru kaka yake Sindano auawe.

Kaka alikuwa fundi wa kompyuta, basi. Pamba alimwita afunge mtambo kwenye lori lake, ili aweze kulifuatilia na kuzima injini kutoka mezani endapo dereva angemgeuka. Kaka alifunga. Kwenye kompyuta ya Pamba alifungua tovuti, akajisajili kama msimamizi kwa namba ya simu yake mwenyewe, akaandika nywila. Kisha akapitisha waya nyuma ya magodoro yaliyopakiwa kwenye lori, akaziona bunduki.

Hakurudi nyumbani. Walimtupa mtaroni kama ganda la ndizi. Simu yake ilipatikana kando yake, imepondwapondwa kwa nyundo. Mama alivikusanya vile vipande vya kioo kwa upindo wa kanga, kimoja kimoja, akakataa kusaidiwa.

Sindano hakulia siku ile. Machozi aliyaweka akiba.

"Zima lori," Shangazi alisema. "Wanajeshi wako njiani, wape dakika chache tu. Na yule mtu usimguse. Namtaka akiwa na mdomo wa kusemea."

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

Sindano aliivuta karibu ThinkPad nyeusi, kompyuta ya Pamba iliyokuwa mezani.

Pamba hakuwa na wasiwasi wa kumwacha nayo. Kabla ya kwenda kwa kinyozi wake alikuwa amefuta historia ya kivinjari mbele ya macho ya Sindano, akatabasamu. "Mimi sina nyayo, fundi. Napita kama upepo."

Kweli, historia ilikuwa nyeupe, haina hata mstari. Lakini Sindano hakuhitaji nyayo. Anwani ya tovuti aliijua, kaka alimtajia mezani wakati wa chakula, usiku wa kuamkia kazi ile. Akaiandika.

Ukurasa ukafunguka.

*Karibu tena, Msimamizi.*

Haukuuliza nywila. Haukuuliza chochote.

Sindano aliganda. Kisha akaelewa, na damu ikamchemka mpaka masikioni.

Pamba alifuta historia kila siku, lakini vidakuzi hakuvigusa. Vile vijifaili vidogo ndivyo vilivyoifanya tovuti imkumbuke. Angevifuta, angeulizwa nywila. Na nywila hakuijua! Aliyeijua alikuwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo, Pamba alimuua kabla ya kumuuliza.

"Ukifuta, futa vyote," kaka alizoea kumwambia. "Usiwe kama mtu anayefagia sebule akaacha jikoni."

Akabonyeza *Zima injini*.

Kwenye ramani, kidoti chekundu cha lori kikasimama katikati ya daraja.

"Limesimama," Shangazi alisema. "Safi. Toka sasa."

"Bado."

"Sindano! Nimesema toka."

"Akija akabonyeza mara moja tu, linawaka. Bado."

Chumba cha pili simu iliita. Sauti ya dereva ilisikika mpaka huku, inalia kama mbuzi. "Bosi, mbona umenizimia? Liwashe, bosi! Niko katikati ya daraja!"

Kiti kilianguka.

Vidole vya Sindano vilikimbia. Mipangilio. Futa data. Muda: *Tangu mwanzo*. Akaweka alama kwenye kisanduku cha historia. Kisanduku cha kumbukumbu ya muda. Kisanduku cha nywila zilizohifadhiwa. Akabakisha kimoja, kile ambacho Pamba hakuwahi kukigusa.

Vidakuzi.

Akakigusa.

*Futa.*

Mlango ukapigwa teke. Pamba aliingia na taulo shingoni, simu mkononi, shavu moja limenyolewa, la pili limejaa povu. Nyuma yake alichungulia kinyozi, wembe mkononi.

Glock ilikuwa tayari inamtazama.

"Kaa," Sindano alisema, akampisha kiti. "Liwashe lori lako."

"Unanichezea?"

"Liwashe, mzee. Nani kakuzuia?"

Kinyozi aliitazama bastola, akautazama wembe wake, akauweka mezani kwa adabu. "Bosi, nusu nyingine tutamalizia siku nyingine," alisema, na ngazi zikasikika zikimpokea mbiombio.

Pamba aliitupa simu mezani, akaruka kwenye kiti. Akafungua ukurasa.

*Ingiza nywila.*

Akaandika. *Si sahihi.* Akaandika tena, akigonga vitufe kama mtu anayeua siafu. *Si sahihi.* Povu lilidondoka kwenye kibodi. Akabonyeza *Umesahau nywila?*

*Msimbo umetumwa kwenye simu ya msimamizi.*

Mikono yake ikasimama.

"Simu gani hiyo?" Sindano aliuliza polepole. "Ile uliyoiponda kwa nyundo?"

Kwa mara ya kwanza, sauti ya Pamba haikuwa laini. "Wewe ni nani?"

"Mdogo wake."

Mkono wa Pamba ulichomoka kuelekea droo. Sindano aliipiga droo teke, ikambana vidole. Mfupa ulilia. Pamba alilia zaidi.

Sindano alimwekea mtutu kwenye shavu, palepale povu lilipoishia. Kidole kikaanza kuvuta.

"Sindano." Shangazi hakupaza sauti. "Mwanangu."

Mezani, simu ya Pamba bado ilikuwa hewani na darajani. Buti. Amri. Dereva akiapa kwamba yeye kabeba magodoro tu. Kisha mlio wa chuma, na mtu akisema, "Afande, zimejaa mpaka juu."

Kidole kililegea.

"Kufa ni kupumzika," Sindano alimwambia Pamba. "Wewe utakaa chumba kisicho na dirisha, uitafute ile nywila. Kila siku. Ukiipata, nitumie salamu."

Akamfunga mikono kwa waya kutoka kwenye sanduku lake la vifaa. Kisha akatoa kile kifaa kidogo mfukoni, akakibonyeza. Hewa baridi ikajaa ofisi.

Magari ya Shangazi yalikuwa yanakata kona alipofika getini na sanduku lake.

"Vipi, fundi, kimepona?" mlinzi aliuliza.

"Kimepona kabisa."

"Na bosi kafurahi?"

"Nenda kamwangalie," alisema bila kugeuka. "Chumba cha baridi, na yeye bado anatokwa jasho."