Kengele Iliyotoka Darajani

Kila asubuhi, mimi ndiye niliyepiga kengele ya shule. Kazi hiyo hupewa mwanafunzi wa darasa la sita asiyechelewa, na mwaka huo nilikuwa mimi, Kamaliza, msichana wa miaka kumi na miwili. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha chuma kizito, urefu wa mkono wangu mzima, kilichoning'inizwa kwa waya barazani. Ncha yake moja ilipakwa rangi nyeupe. Nilikigonga kwa bolti kubwa mara kumi, na watoto waliokuwa bado wananawa miguu mtoni wakaanza kukimbia. Nilijivuna, sikatai. Leo nikikumbuka nilivyojivuna naona aibu.

Chuma hicho kililetwa shuleni na Papa Kanyamibwa, mwenyekiti wa komite ya daraja. Daraja letu liko kwenye barabara ndogo inayotoka kijijini kwenda kukutana na ile ya Kitshanga na Mweso. Zamani lilikuwa magogo tu, na mvua ikinyesha ng'ombe waliteleza, na wauza maziwa pia. Mwaka jana Mwalimu Straton alitueleza darasani kwamba serikali imetoa ruzuku ya kutengeneza njia za reli na madaraja, ili watu wasafiri salama. Tulicheka sana, kwa sababu huku kwetu hakuna mtoto aliyewahi kuona treni.

"Mwalimu, treni itapita wapi huku?" aliuliza rafiki yangu Shekinah. "Itapanda huu mulima namna gani?"

Mwalimu alisema reli ziko mbali, lakini vyuma vya zamani vinavyong'olewa huko hupewa vijiji kama chetu viwe mihimili ya madaraja. Kweli, vyuma vinne virefu vikaletwa. Mhandisi Polycarpe alivilaza juu ya mto, ncha zikaingia hatua nzima ndani ya kila ukingo, zikakaa juu ya mawe. Akazipaka rangi nyeupe, kisha mbao zikapigiliwa juu. Alituambia kwamba kwa sasa wapite watu, pikipiki na ng'ombe. Mvua zikiisha atarudi kulikagua, na akiweka sahihi, malori ya maharage yataruhusiwa.

Kila mtu aliingoja sahihi hiyo, na mama yangu kuliko wote. Baba, Papa Sebarenzi, anatengeneza jibini, na Mama huibeba mgongoni mpaka barabara kubwa ili aifikishe sokoni Kitshanga. Alikuwa amekwisha kuahidiwa nafasi kwenye lori la kwanza, siku ya Jumamosi.

Jumatano ya wiki hiyo Papa Kanyamibwa alikuja kuomba wanafunzi wa salongo, kazi ya pamoja ya kijiji. Alitaka tupande majani kwenye kingo za daraja, mhandisi akija Ijumaa kukagua aone kijiji safi. Mimi na Shekinah tulipewa ukingo wa ng'ambo. Udongo wake ulikuwa mbichi, umemwagwa juzi tu. Nilipochimba, ukaporomoka, nikaona ncha za vile vyuma. Hazikuwa na rangi. Zilikuwa zimekatwa laini kwa msumeno, na zilikuwa zimekalia mawe kwa shubiri moja tu. Nilipima kwa kiganja changu mara mbili.

"Zilikuwa ndefu," alinong'ona Shekinah. "Mi niliona enjeniere akizipaka rangi."

Papa Kanyamibwa alituona tumeinama. "Ninyi batoto, fukieni pale," alisema. "Majani iko inakauka."

Tulifukia. Tukapanda majani juu yake, tukayamwagilia maji. Mimi nilipanda kwa mistari iliyonyooka.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Baba kwenye kibanda cha jibini. Jibini mbichi hukandamizwa ndani ya kalibu ili maji yake yatoke, na zamani Baba alitumia mawe. Tangu mwezi uliopita alitumia chuma. Maji ya maziwa yalikuwa yakidondoka, inzi wamejaa. Niliinama nikatazama ncha ya kile chuma nilichokuwa nikikiona kila siku. Ilikuwa nyeupe.

"Papa, hii chuma ilitoka wapi?"

"Komite ilitupatia," alisema bila kugeuka. "Tuliikata ku daraja. Ilikuwa vipande ine. Moja ya kengele ya masomo, moja ya muhunzi, moja ya Papa Kanyamibwa, na hii."

"Muliikata kwa nini?"

"Juu ilikuwa inalala bure mu udongo. Chuma inafanya kazi pale juu ya mutoni. Ile ya pembeni ilikuwa inafanya nini?"

Nitawaeleza kidogo watu wa kwetu. Hawatupi kitu. Mpira wa gari uliochakaa unakuwa kamba ya ng'ombe, bati bovu linakuwa mlango. Chuma kizima kikilala ardhini bila kazi, wanakosa usingizi. Kwa hiyo wanaume wazima walikaa siku mbili na msumeno, wakakata kile walichoona kimezidi. Ujinga huo ningeweza kuusamehe. Kilichonichukiza ni kwamba baada ya kukata waliona shubiri iliyobaki, wakaleta udongo wa kuificha, halafu wakatuita sisi watoto tupande majani.

"Papa, Mama atapanda ile kamiyo ya kwanza," nilisema.

Alifukuza inzi juu ya kalibu. "Daraja haijaanguka," alisema. "Na weye usianze kubeba maneno ya bakubwa mu njia."

Wakati wa chakula alinikatia jibini kama kawaida. Nilitafuna kipande kimoja, nikatoka nje nikakitema.

Alhamisi nilimweleza Mwalimu Straton. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama kengele, akatazama tena viatu vyake. Huyu ndiye mwalimu aliyetufagilisha uwanja siku mbili kwa sababu ya chaki moja iliyopotea.

"Kengele iko ya batoto bote, Kamaliza," alisema. "Bakubwa bataona ya kufanya. Piga, saa imefika."

Nilipiga. Kila pigo lilinikera mpaka kwenye meno.

Ijumaa sikupiga kengele. Baba na Mama walikuwa wameshuka mtoni na kijiji kizima kumngoja mhandisi. Niliingia kibandani, nikakiondoa chuma juu ya kalibu, nikakifunga mgongoni kwa kitenge cha Mama kama mtu anayebeba mtoto. Kilikuwa kizito ajabu, na maji ya maziwa yaliyochacha yalinichuruzikia mgongoni. Nilipumzika mara tatu njiani.

Nilipofika, mhandisi Polycarpe alikuwa amekwisha kukagua mbao. Alikuwa ametoka Kibua, huko Walikale, kwa pikipiki, matope mpaka magotini, na alionekana amechoka. Kando, mbuzi alikuwa anachomwa kwa ajili yake.

"Ncha za vyuma mulizifunika?" alikuwa akiuliza.

"Tulizifunika, enjeniere, maji isiingie," alijibu Papa Kanyamibwa, akitabasamu. "Ona majani. Batoto njo balipanda."

Watu wakapiga makofi. Mhandisi akafungua daftari lake, akatoa kalamu. Nilipenya katikati ya watu, nikafungua kitenge, na chuma kikaanguka mbele ya buti zake.

"Enjeniere," nilisema, nikimwonyesha ncha nyeupe, "hii ilitoka ku daraja. Iko ya kwetu nyumbani. Rangi yenu njo hii."

Makofi yalikwisha. Mama alimtazama Baba, na Baba akatazama chini. Papa Kanyamibwa akacheka kidogo.

"Mutoto wa Sebarenzi iko anaota," alisema.

Mhandisi hakucheka. Aligusa ile rangi kwa kidole, akaomba jembe, akavuka ng'ambo. Aliyang'oa majani yangu yote ya mistari. Kisha akapiga magoti, akapima kwa kiganja chake kama nilivyopima mimi. Aliporudi alizungumza polepole.

"Kamiyo ikifika katikati, hizi vyuma zinainama. Zikiinama, ncha zinatoka ku mawe. Zote ine mara moja, na bantu bote juu. Ni nani alikata?"

Papa Kanyamibwa alimtazama mhunzi. Mhunzi alimtazama mbuzi. Mwalimu Straton aligeuka akaanza kupanda mlima kwa haraka, nami nikadhani anakimbia aibu. Nilimdharau, nasema ukweli. Lakini baada ya muda nilimwona akishuka, kengele begani, waya bado unaning'inia. Aliiweka chini karibu na chuma changu.

"Hii ilikuwa yangu," alisema. "Nilijua ilitoka wapi. Huyu mutoto aliniambia jana, nikamunyamazisha."

Hapo mhunzi naye alikwenda kuleta chake, alichokuwa akikitumia kufulia majembe. Cha nne kilikuwa mlangoni kwa Papa Kanyamibwa. Vijana walikwenda kukichukua, wakakirudisha kimejaa matope makavu. Mwenye nyumba alikuwa akikitumia kukwangulia viatu. Watu wa sokoni wangezama mtoni ili yeye aingie nyumbani kwake na viatu safi. Mama alitema mate chini, na sijawahi kumwona akifanya hivyo mbele ya watu.

Mhandisi alifunga daftari bila kuandika neno. Alisema ruzuku haitaleta vyuma vingine, kwa hiyo kijiji kitatengeneza kwa jasho lake. Na jasho lilitoka. Kwa wiki tatu wanaume walibeba mawe, wakajenga ukuta uliosogea mbele kutoka ukingoni, mpaka vyuma vikakalia hatua nzima tena. Vile vipande vinne mhandisi alivilaza kwa kukingama chini ya ncha, juu ya mawe, ili uzito usiangukie jiwe moja. Baba alibeba mawe kila siku, hata siku za kukandamiza jibini. Siku ya kwanza alipita karibu nami, akasimama.

"Ulibeba ile chuma peke yako?" aliuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Ilinipasa kuibeba mimi," alisema, akaendelea na kazi.

Papa Kanyamibwa aliondolewa kwenye komite. Hata hivyo siku daraja lilipopitishwa alijaribu kutoa hotuba kuhusu umoja. Hakuna aliyempigia makofi.

Lori la kwanza lilipita Jumamosi iliyofuata. Mhandisi aliwaamuru abiria wote washuke wavuke kwa miguu, kisha likapita taratibu, na vyuma havikusogea hata kidogo. Ng'ambo, Mama alipanda na jibini yake, akatupungia mkono.

Jumatatu Mwalimu Straton alisimama mbele ya darasa letu bila kitabu.

"Leo somo ni mimi mwenyewe," alisema. "Kitu cha watu wote kina wenyewe, na wenyewe ni ninyi. Sehemu yake msiyoiona ikifanya kazi ndiyo mara nyingi inayowashikilia msianguke, kwa hiyo ulizeni kabla ya kukata. Kukosa ni jambo la kila mtu. Kufukia kosa na kupanda majani juu yake, hiyo ndiyo dhambi, na ni mbaya zaidi tukiwatuma watoto waipande. Mtu mdogo akikwambia ukweli, usimwambie apige kengele."

Baba amerudia mawe yake ya kukandamizia. Jibini inachelewa siku moja zaidi kukauka, na mimi naila tena. Shuleni hatuna kengele, kwa hiyo kila asubuhi nasimama barazani nikawaita wenzangu kwa mdomo. Shekinah anasema sauti yangu ni mbaya kuliko ile ya chuma. Lakini anakuja, na wengine wote wanakuja, wakipita juu ya daraja.