Riale Sita za Barke

Barke wa Junda hakuwa mtu wa kutupa jivu. Kila asubuhi alilichota jikoni, akalichanganya na mchanga, akasugulia sufuria kwa kumbi la nazi. Sufuria zake ziling'aa mpaka ukajiona uso. Jambo hilo lilimpa kiburi, na Barke kiburi alikuwa nacho tayari.

Mwaka 1988 binti yake, Tumu, alikuwa karibu kuolewa. Siku ya harusi angevaa mkufu wa riale sita, sarafu za kale za fedha, zilizotungwa kwenye uzi. Nyanya yake aliuvaa, na Barke pia aliuvaa. Lakini ulikuwa umekaa miaka mingi mkebeni, na riale zimekuwa nyeusi.

Siku moja akaja Bi Mwanatabu, shangazi wa bwana harusi. Aliuona mkufu akakunja uso.

"Hii si fedha, ni risasi! Mwazimieni mtoto mkufu wa dhahabu, msitutie aibu."

"Cha kuazima hakisitiri maungo," akajibu Barke. "Mwanangu atavaa riale hizi hizi. Apendaye atazame, asiyependa afumbe macho."

Bi Mwanatabu akaondoka akicheka. Hasira zikampanda Barke. Akachota jivu na mchanga, akaanza kusugua riale ya kwanza kwa nguvu zake zote.

Agneta, jirani yake kutoka bara, aliingia uani kuomba makaa.

"Mama Tumu, acha! Unaiharibu!"

"Wewe mtu wa bara, riale wazijulia wapi?"

"Hotelini Shanzu. Mwaka wa sita huu nasafisha visu na vijiko vya fedha. Hebu isuuze uitazame."

Barke akaisuuza. Riale ilikuwa nyeupe pe, lakini mwanamke aliyechorwa juu yake hakuwa na pua tena. Machozi yakamlengalenga Barke.

"Wallahi nimeiua."

"Fedha ni laini," Agneta akasema kwa upole. "Mchanga unaila. Usitumie ndimu pia, wala waya wa kusugulia vyombo."

"Na weusi huu? Ni risasi kweli?"

"Hata! Fedha ikikaa sana hewani hushika weusi. Uko juu juu tu. Leta sufuria ya aluminiamu, chumvi na magadi soda."

Wakazitoa riale kwenye uzi. Barke akachemsha maji, akaipua sufuria. Agneta akatia kijiko kimoja cha chumvi na kimoja cha magadi soda, kisha akazitumbukiza riale moja moja.

"Kila moja lazima iguse sufuria, ndiyo weusi utoke."

Harufu ya mayai viza ikapanda. Barke akaziba pua.

"Usiogope, ni ule weusi unaotoka. Lakini sufuria hii ioshe vizuri kabla ya kuipikia."

Baada ya dakika tano walizitoa kwa kijiko, wakazisuuza kwa maji safi. Walizikausha kwa kipande cha leso kuukuu, kwa kugusagusa tu, bila kusugua.

"Weusi kidogo ukibaki kwenye maandishi, uache," Agneta akasema. "Na mtu akitaka kuziuza kwa wanaokusanya pesa za kale, asizisafishe kabisa. Wao huzitaka zilivyo."

"Nani anauza?" akafoka Barke.

Tumu akaishika ile riale isiyo na pua. "Mama, hii tuitoe?"

"Itakaa katikati. Kosa ni langu, nami silifichi."

Siku ya harusi Tumu aliuvaa mkufu. Riale zikang'aa kifuani pake, na vigelegele vikasikika mtaa mzima. Bi Mwanatabu alisogea karibu, akazitazama moja moja.

Wiki moja baadaye alibisha hodi kwa Barke. Alikuwa na kifurushi cha leso, na ndani yake bangili mbili za fedha, nyeusi tii, za marehemu mama yake.

"Mama Tumu, nimekuja unionyeshe ile dawa yenu."

Barke alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nitakuonyesha. Lakini niambie kwanza, zile riale za mwanangu ni risasi ama ni fedha?"

Bi Mwanatabu akainama.

"Ni fedha."

"Basi karibu ndani," akasema Barke, na akateleka maji.