Maoni ya Bisibisi

"Siku nikimjua huyu Bisibisi, atanitambua!"

Mwalimu aliingia dukani kwa mchumba wake amekunja uso, simu ameiinua juu. Fundi hakuacha kazi. Alikuwa ameinamia simu ya mteja iliyotumbukia majini, anasugua kutu kwenye bodi kwa brashi yenye spiriti.

"Kafanya nini tena?"

"Sikiliza mwenyewe." Mwalimu akabana pua kumwigiza mtu asiyemjua. "'Mwandishi, kachero wako katoa betri kwenye simu, halafu simu hiyohiyo ikawarekodi magaidi wakipanga kulipua uwanja wa ndege. Imerekodi kwa nguvu gani? Za maombi?' Watu mia tatu wamecheka! Mia tatu, Fundi!"

Fundi aliuma mdomo ili asicheke. Hayo ya maombi aliyaandika yeye, asubuhi ile ile, akiwa kwenye stuli ile ile, kabla mteja wa kwanza hajabisha.

Ndiyo, msinikodolee macho. Bisibisi alikuwa ni yeye.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu alifundisha historia, na jioni alikuwa akiandika riwaya ya kijasusi kwenye ukurasa wake. Magaidi wameiba mtambo wa siri unaoweza kuzima simu za mji mzima, na kachero mmoja, peke yake, yuko nyuma yao. Wasomaji elfu nne walikuwa wakiisubiri kila Jumatatu, na maoni yao yalikuwa riwaya nyingine. Dereva wa Lori aliandika: "Magaidi wako wanaongea mno. Wangekuwa wanafanya kazi, wangeshamaliza." Mama Pacha naye: "Tangu huo mtambo uanze, nalala nimezima simu. Mume wangu anadhani nina mtu."

Kila sehemu, kabla haijatoka, Mwalimu alikuwa akimsomea Fundi kutoka kwenye daftari. Akimaliza, aliuliza swali lile lile: "Nzuri, siyo?" Fundi naye akajibu lile lile: "Nzuri, mpenzi." Mara ya kwanza kabisa, miezi minne nyuma, alijaribu kusema kwamba mwanzo umepoa. Bwana mkubwa alisusa chakula siku mbili! Tangu hapo Fundi akaamua: mbele yake nzuri, ukurasani ukweli.

"Achana naye," alisema sasa. "Mtu asiyejulikana anakunyima raha ya nini?"

"Hajaishia hapo. Kaongeza mengine chini yake." Mwalimu akabana pua tena. "'Na huo mtambo ukilala kwenye ndoo ya maji usiku kucha, tafadhali usiwake asubuhi kama taa ya barabarani. Kitu kikiingia majini...'"

Pua akaiachia.

"Ndoo ya maji," alisema polepole.

Brashi ya Fundi ilisimama.

"Ndoo ya maji iko sehemu ya kumi na tisa. Ukurasani niko ya kumi na nane. Hiyo nyingine iko kwenye daftari, na nimemsomea mtu mmoja tu."

Fundi alihisi masikio yanawaka moto. Jumapili alisomewa, Jumatatu akaandika maoni, na kichwani vilishachanganyika kilichotoka na kisichotoka. Angeweza kukana. Lakini hakuwa mtu wa kukana kitu alichokifanya kwa mikono yake.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye Bisibisi. Tangu sehemu ya pili."

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. Hakufoka. Alitoka dukani taratibu, na upole huo ndio uliomtisha Fundi.

Siku tatu zilipita kimya. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Siku ya nne ujumbe ukaingia:

"Sijaenda kuchukua suti. Nahitaji kufikiri."

Fundi aliandika ujumbe mrefu, akaufuta. Akaandika mwingine wa machozi, nao akaufuta. Mwisho akatuma huu:

"Kesho saa tisa nakuja shuleni. Usinikimbie."

Hakukimbia. Fundi alimkuta peke yake darasani, anafuta ubao ambao ulikuwa tayari msafi.

"Umekuja kuomba msamaha?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kwa mawili, na msamaha ni la kwanza. Nimekucheka mbele ya watu, huku nyumbani nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimekosa. Nisamehe."

"La pili?"

"La pili ni kosa lako. Miezi minne hujawahi kuniuliza naonaje. Unauliza 'nzuri, siyo?' Hilo si swali, Mwalimu. Hilo ni jibu lako unalitafutia saini yangu."

Mwalimu akageuka. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi la chaki.

"Unadhani kinachoniuma ni kuchekwa? Dereva wa Lori ananicheka kila wiki! Kinachoniuma ni wewe. Ukisema nzuri, kumbe mbaya. Sasa ukisema unanipenda, nimwamini nani? Fundi, au Bisibisi?"

Hapo ndipo Fundi alipouona mzigo wenyewe. Si riwaya iliyokuwa inapotea, ni ndoa.

"Wote wawili wanakupenda," alisema. "Bisibisi hajaruka hata sehemu moja. Asiyekupenda angeishia ya pili, maana ile ya pili ilikuwa adhabu."

Mdomo wa Mwalimu ulicheza kidogo, akaurudisha mahali pake.

"Kuna lingine unalonificha?"

Angesema hakuna, mambo yangekwisha. Suti ingechukuliwa, wageni wangekuja, picha zingepigwa. Fundi aliliona jibu hilo limekaa tayari ulimini, tamu kabisa, na akalimeza.

"Lipo," alisema. "Sitaki tukaishi kwa mama yako."

"Heee! Si ulisema sawa? Chumba kimeshapakwa rangi! Rangi uliyoichagua wewe!"

"Hata hiyo rangi siipendi."

"Fundi!"

"Umeuliza, nakujibu. Mama nampenda sana, tena bila kuigiza. Lakini nataka nyumba ambayo nikigombana nawe naweza kupaza sauti. Pale kwa mama nitasema sawa mpaka ninyauke. Unaoa mke, au unamwongezea mama mtoto?"

Mwalimu alikwenda dirishani, akasimama huko, mikono mfukoni. Fundi hakumfuata wala hakulainisha neno.

"Inauma," Mwalimu alisema hatimaye.

"Najua."

"Mama naye itamvunja moyo. Amekuwa akihesabu siku."

"Alikwambia anazihesabu?"

Mwalimu akatoa simu mfukoni, akaiangalia.

"Mpigie," Fundi alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Weka sauti ya nje. Na umuulize vizuri, siyo kumtafutia saini."

Simu iliita mara mbili tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekuwa ndogo?"

"Mama, nataka unijibu kweli tupu. Sisi kuja kukaa hapo kwako baada ya harusi, unaonaje?"

"Mwenzako yupo hapo?"

"Shikamoo, mama," Fundi akadakia. "Nipo, nasikia."

"Marahaba, mama. Afadhali usikie kwa masikio yako. Mimi nilikuwa sitaki."

"Mama!" Mwalimu aliruka.

"Nimelea watano, baba. Nataka nilale mchana nikorome bila mtu kuniuliza sukari iko wapi. Na ninyi vijana wawili, wapya wa ndoa, mimi nikae sebuleni nijifanye sisikii? Hapana jamani!"

"Sasa mbona ulikubali?"

"Ulikuja ukaniambia, 'Mama, utafurahi tukikaa na wewe, siyo?' Ningejibu nini? Wewe tangu mdogo ukikataliwa unasusa chakula. Nikajisemea, wacha niteseke na mwanangu."

Fundi alijiziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatetemeka. Mwalimu alikalia dawati la mwanafunzi, magoti yakamfika kidevuni.

"Miezi yote hiyo, mama?"

"Hukuniuliza. Na kwa kuwa leo tunaulizana, nikuulize na mimi habari za hilo gaidi lako kuu kwenye riwaya. Ni yule daktari mpole, eti?"

"Mama! Hiyo ni siri ya sehemu ya mwisho!"

"Siri gani? Nimemjua tangu ya tatu. Niliogopa kukwambia. Haya, nawaacha, nina usingizi."

Simu ikakatika. Mwalimu alimwangalia Fundi.

"Na wewe ulijua kuwa ni daktari?"

"Tangu ya pili."

Ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akainama juu ya dawati, na Fundi naye akaachia, wakacheka wote mpaka mlinzi wa shule akachungulia mlangoni na kuondoka zake. Kicheko kilipoisha, Mwalimu alifuta macho kwa mkono wa shati, akasimama mbele yake.

"Mimi ni mtu wa kususa," alisema. "Naandika magaidi wasiojua betri. Nimekuchagulia nyumba bila kukuuliza. Kuolewa na mtu huyo, unaonaje?"

Akaishia hapo. Neno lake la mwisho, lile 'siyo?' alilozoea kulibandika, hakulibandika. Alisubiri tu, amekaza taya, na Fundi alijua kwamba jibu lolote atakalolitoa litapokewa.

Akamtazama juu hadi chini bila haraka. Akafikiria kususa kule. Akafikiria nyumba ndogo yenye kuta zao wenyewe na kelele zao wenyewe.

"Nataka," alisema. "Nataka sana."

Na Mwalimu akaamini.