Kioo cha Samaki Kilivyoninyima Mkaja

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, naishi Kibiti nyumbani kwa mdogo wangu Shabani. Ndugu wasomaji, haya ninayowasimulia hayajapoa moyoni mwangu... na sijui kama yatapoa.

Tulizaliwa watatu kule delta ya Rufiji. Wazazi walifariki wakifuatana. Nikaacha shule nikiwa darasa la sita, nikashika jembe la mpunga ili Shabani na kitindamimba wetu, Mwanaidi, wasome. Wachumba walikuja, lakini kila mmoja alinitaka mimi bila wale watoto. Ningewaacha na nani?

Mungu akajalia. Shabani akapata kazi, akajenga, akatuchukua wote. Mwanaidi alipopata mchumba wa Ikwiriri, Shabani alitamka mbele ya shangazi yetu kwamba mkaja ni wa dada. Kwa wasioijua mila hii, mkaja ni nguo ambayo upande wa mume humfunga mama wa bi harusi kiunoni, shukrani ya kumbeba na kumlea mwanawe. Mimi sijazaa... lakini siku hiyo ningeitwa mama mbele za watu! Shangazi hakupenda. Tulipokuwa tunahangaika na njaa alipita kutuona mara chache, na kila alipopita alikuwa na safari ya haraka.

Sasa, Shabani ana tangi la kioo sebuleni, la wale samaki wadogo wa rangi wa kutazama. Jirani mmoja alipowaona aliniuliza, "Hao mnawanenepesha mpaka lini?" Tulicheka, lakini Shabani anawapenda kama watoto. Kusafisha kioo kwa nje alinipa mimi, na alinielekeza vizuri. Nichomoe kwanza umeme wa pampu na taa, mikono yangu ikiwa mikavu. Nifunike tangi. Nitumie kitambaa laini kilicholowa maji matupu na kukamuliwa, kisha nikaushe kwa kingine. Nisipulizie dawa yoyote, kwa maana kinachogusa ukingo wa juu huteremka majini, na pampu inavuta hewa ya chumbani, kwa hiyo hata harufu kali inawafikia samaki.

Siku wakwe walipokuja kuleta posa nilifuta kioo asubuhi kama nilivyofundishwa, nikarudisha umeme, nikaingia jikoni kwenye pilau. Shangazi alikuwa anafukiza udi nyumba nzima. Nilipotoka kuwapokea wageni, kioo kilikuwa kinawaka ajabu. Nikajisifu moyoni... laiti ningejua!

Wageni wakala, wakasifu nyumba. Halafu mama mdogo wa mchumba akauliza kwa adabu kwa nini samaki wamelala ubavu. Tukageuka... Wote walikuwa wanaelea! Juu ya maji kulikuwa na utando unaometameta. Shabani akachovya kidole, akanusa. Mafuta ya taa. Udi ulikuwa umeificha ile harufu.

"Dada, hiki si kioo cha taa ya chemli," aliniambia mbele ya wote. "Nikueleze vipi uelewe?"

Nikasema sikutumia mafuta. Nani angenisikiliza? Shangazi akawageukia wageni akitabasamu. "Mtuwie radhi, huyu ni mtu wa shamba. Mama yao ni mimi hapa."

Mwanaidi alikuwa ameficha uso kwenye mtandio. Alipoingia chumbani nilimfuata, nikamshika mikono. Vidole vilinuka mafuta ya taa.

Akanieleza akilia. Aliona nimeacha madoa ya maji kwenye kioo, akataka king'ae mbele ya wakwe. Akachovya gazeti kwenye mafuta, akasugua mpaka ukingoni. Ndivyo nilivyomfundisha kung'arisha kioo cha chemli, enzi alizokuwa akisomea taa kule delta. Alimwona samaki mmoja akipinduka, akaogopa, akanyamaza. Kunyamaza! Angesema saa ile ile, Shabani angewahamisha na kubadilisha maji.

"Dada, nisitiri," alisema. "Wakwe watasema wanachukua mharibifu. Ndoa ikipita tu, nitamwambia kaka mwenyewe."

Nikakubali. Nimemlea mimi... ningemvunjia posa?

Siku ya ndoa ikafika. Mkaja ulipoletwa, Shabani akamwelekeza shangazi, eti wakwe wameshamjua kuwa ndiye mama, kubadili ni aibu. Wakamfunga kanga mpya kiunoni, vigelegele vikapigwa. Mimi nilisimama mlangoni na sinia la vitumbua, nikimtazama Mwanaidi afungue kinywa. Alinitazama kidogo, akarudisha macho kwenye hina yake.

Baadaye nikampigia simu kumkumbusha ahadi. Akaniambia, "Dada, si yameshapita? Samaki wenyewe kaka kanunua wengine."

Jamani! Mimi nililia samaki?

Hao wapya nawafutia kioo mimi mpaka leo. Kila nikishika kitambaa, Shabani huniuliza kwa upole kama sijagusa mafuta. Bora angenitukana! Nilipojaribu kumwambia ukweli, alisema nisimsingizie mtoto ambaye hayupo kujitetea.

Sasa Mwanaidi ni mjamzito. Ameniomba niende Ikwiriri nimuuguze arobaini yake. Nimemjibu kwamba nitakwenda, lakini kwanza apande gari, aje Kibiti, amweleze kaka yake kwa kinywa chake. Akasema namwonea, safari itamchosha. Mbona kwa fundi cherehani wa hapa Kibiti alikuja juzi, akarudi bila kunisalimia?

Shangazi anasema nina roho ngumu. Sawa. Roho hiyo hiyo ndiyo iliyowalea.

Wewe unayelea wadogo zako, nakusihi, usibebe kosa la mwenzio kwa ahadi ya kesho. Aibu ya Mwanaidi ingeisha na ile pilau. Yangu inaamka nami kila siku! Na wewe uliyelelewa, ukikosea sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa. Usifikiri dada anataka kulipwa. Anataka kusafishiwa jina akiwa hai, akiwa anasikia.

Mwanaidi, kama unasoma hapa, kaka yako hurudi kazini alasiri. Mimi nipo nyumbani. Njoo.