Kipimo Alichokitunga Chapuchapu

Jumamosi hiyo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Chapuchapu alikuwa amepiga magoti akitafuta soksi yake ya pili chini ya kitanda. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu kila kitu alikifanya mbio. Alikula mbio, alifagia mbio, na akifua sketi, nusu ya povu aliiachia jua likaushe.

Baba yake alikuwa bawabu wa bustani ya umma iliyokuwa kando ya mto, chini ya ukuta wa kale wa mji. Familia iliishi katika nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa geti la juu. Bustani ilikuwa na sehemu mbili. Ya juu ilikuwa na miti, mabenchi na mnara wa mawe ambao wageni walipenda kuupanda. Ya chini ilikuwa uwanja wa nyasi wenye mabenchi machache, ulioishia kwenye maji, na kuufikia ilibidi kushuka ngazi hamsini na nane.

Ukingoni mwa maji palisimama ubao wa kipimo wenye namba moja hadi kumi. Mstari wa saba ulikuwa mwekundu. Maji yakikaribia mstari huo, geti la chini, lililokuwa pale ngazi zinapoanzia juu, halifunguliwi, hata aje nani. Kila asubuhi baba alishuka, akasoma namba, akaiandika kwenye daftari la bustani na kwenye ubao wa chaki getini. Lakini siku nne zilizopita aliteleza akategua kifundo cha mguu, na tangu hapo kazi ya kushuka alipewa Chapuchapu.

"Mwanangu, maji yamefika wapi?" baba aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Naenda sasa hivi, Baba!"

Alitoka kwa kasi, lakini kwenye ngazi ya kwanza akasimama. Umande ulikuwa umelowesha mawe. Siku hiyo shule yao ilikuwa inakuja kutembelea bustani, na alitaka kuwa amevaa na kujipanga kabla wenzake hawajafika. Ngazi hamsini na nane kushuka, hamsini na nane kupanda! Juzi maji yalikuwa tano. Jana tano. Akatazama angani, hakuona hata wingu. Akageuka akarudi.

"Tano, Baba! Kama jana."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

Baba akaandika tano. Kisha akachechemea na fimbo yake hadi geti la chini, akaandika kwa chaki: MAJI 5. UWANJA WA CHINI UKO WAZI.

Saa nne shule ikafika. Darasa la sita, la Chapuchapu, lilipelekwa mnarani na mwalimu wa Historia. Darasa la tatu lilikuwa na watoto arobaini na mmoja, na miongoni mwao alikuwemo mdogo wake wa kiume, Gololi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya uviringo wake. Mwalimu wao alisoma ubao wa chaki, akaridhika, akawashusha uwanjani wakacheze.

Juu ya mnara, mwalimu wa Historia alikuwa akieleza jinsi ukuta ulivyojengwa jiwe kwa jiwe. Chapuchapu, ambaye ukuta huo aliuona kila siku ya maisha yake, akajiegemeza kwenye tundu la dirisha na kutazama chini.

Mwanzoni hakuelewa anachokiona. Mto ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa kama chai ya maziwa. Tawi zima la mti lilipita likizunguka. Akautafuta ubao wa kipimo. Namba tano haikuwepo. Sita haikuwepo. Mstari mwekundu wenyewe ulikuwa umezama, na ulimi mwembamba wa maji ulikuwa unatambaa kwenye nyasi kuelekea mifuko ya watoto. Watoto wenyewe walikuwa katikati ya uwanja, wameupa mto mgongo, wanaimba.

Chapuchapu alipigwa na butwaa. Tano! Tano hiyo aliitoa wapi? Aliitoa kichwani mwake, amesimama kwenye ngazi ya kwanza!

"Wewe, unakwenda wapi?" mwalimu aliita. Chapuchapu alikuwa ameshashuka nusu ya mnara.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake penye geti la chini, amenyoosha mguu mbovu. Pale alipokuwa, miti ilimziba asiuone mto.

"Baba, watoe watoto! Maji yamepanda! Sikusoma, Baba. Ile tano niliitunga!"

Baba alimtazama kwa muda wa kupepesa jicho. Chapuchapu hakuwahi kuona uso wa baba yake ukiwa vile. Kisha baba akaishika kamba ya kengele ya geti akaipiga kwa nguvu zake zote, akaitupa fimbo na kuanza kushuka ngazi kwa kuburura makalio, jiwe hadi jiwe.

"Shikaneni mikono!" mwalimu wa darasa la tatu alipiga kelele huko chini. "Acheni mifuko! Pandeni, pandeni, pandeni!"

Watoto walipanda wakilia, wengine peku. Watunza bustani wawili walioisikia kengele waliwapokea na kuwasukuma juu. Nyuma yao maji yalikuwa yanakula uwanja bila kelele yoyote, na hilo ndilo lililotisha zaidi. Mwalimu akawahesabu huku akiwagusa vichwa. Arobaini. Akahesabu tena. Arobaini.

"Gololi yuko wapi?" Chapuchapu aliuliza.

Alikuwa amesimama juu ya benchi la mwisho, nyuma ya ua wa maua, viatu vyake vipya mkononi. Alikwenda kuvipangusa matope. Maji yalikuwa yamelizunguka benchi, nalo linatikisika.

"Dada!" aliita. "Dada, naogopa!"

"Usishuke!" baba alinguruma. Mtunza bustani mmoja alijifunga kiunoni mpira wa kumwagilia maua, mwenzake na baba wakaushika upande wa pili, naye akaingia. Maji yalimfika mapajani, kisha kiunoni. Alimnyakua Gololi, akamweka begani, wakavutwa pamoja hadi kwenye ngazi. Walipogeuka kutazama, benchi halikuwepo.

Chapuchapu alikaa chini palepale. Hakulia. Alishindwa hata kulia.

Baadaye, watoto wote wakiwa juu wamefunikwa mashuka na makoti ya walimu, msimamizi wa bustani alifika. Alikuwa mama mrefu, mkavu wa maneno. Alifungua daftari.

"Mvua imenyesha usiku kucha huko unakotoka mto. Alfajiri maji lazima yalikuwa karibu na saba. Hapa pameandikwa tano. Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu," baba alijibu.

"Ulikiona kipimo kwa macho yako?"

"Sikukiona, mama. Kosa ni langu. Sikupaswa kuandika nisichokiona."

Chapuchapu alisubiri aendelee, ataje jina lake. Baba hakutaja. Alisimama tu kwa mguu mmoja, kofia mkononi, mbele ya walimu na wanafunzi wote, na ilikuwa wazi kwamba kazi yake ilikuwa mashakani. Jambo hilo lilimshtua Chapuchapu kuliko mto.

"Ni mimi," alisema. Wenzake wa darasa la sita wakageuka wote. "Baba alinituma nikasome. Sikwenda. Aliniuliza kama nimeona, nikasema nimeona. Nilidanganya."

Msimamizi alimtazama binti, akamtazama baba, akafunga daftari. "Bawabu, barua ya onyo utaipata, na unastahili. Kuanzia kesho kipimo kitasomwa na mtu mzima, na mguu ukiuma, unaniambia. Kazini utabaki." Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Na wewe umechelewa kusema kweli. Lakini ulipoona maji, ulikimbia ukasema. Ndiyo maana watoto hawa wapo hapa."

Baba aliketi kwenye ngazi, akamvuta Gololi upande mmoja na Chapuchapu upande mwingine.

"Uliposema umeona, mwanangu, mimi nilifungua geti. Mwalimu akasoma nilichoandika, akawashusha watoto. Mdogo wako akaenda kupangusa viatu. Sote tulikuwa tumesimama juu ya neno lako, na chini ya neno hilo hapakuwa na kitu. Siku nyingine ukichoka, niambie umechoka. Ukiwa na haraka, niambie hukwenda. Nitakasirika, nitafoka, lakini nitajua pa kuweka mguu."

"Nisamehe, Baba," Chapuchapu alisema, na hapo ndipo machozi yalipokuja.