Bunduki Mlangoni, Maharage Shimoni

Maharage yalikuwa yamelala kwenye maji. Asubuhi ya Ijumaa yalikuwa yamevimba vizuri. Alton Pelkey alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba yake, akipanga kuni ndani ya shimo.

Kazi hiyo aliifanya kila Novemba, msimu wa kuwinda kulungu. Kuni huwaka mpaka zibaki makaa. Jioni, sufuria kubwa la chuma hushushwa shimoni. Ndani yake kuna maharage, nyama ya nguruwe ya chumvi na molasi, ile shira nyeusi ya miwa. Kisha linafukiwa kwa udongo. Kesho yake jioni linafukuliwa na kupelekwa kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye chakula cha wawindaji. Kijiji kizima cha Tarbox Corner, katika jimbo la Maine, Marekani, huja kula.

Zamani alifanya kazi hiyo pamoja na mkewe, Verna. Sasa Verna hayupo. Wakubwa walifunga hospitali ya karibu, na ile nyingine ilikuwa mbali mno. Ndivyo Alton alivyosema kila mara, na hakuna aliyembishia. Siku nyingi alikula peke yake, amesimama jikoni. Lakini siku ya chakula cha wawindaji alikaa chini, akala kama mtu.

Binti yake, Charlene, alifika na nyama mkononi.

"Baba, nyama hii hapa. Ila kuna jambo. Usikasirike."

"Ukianza hivyo, nimeshakasirika."

"Kanisa wamebandika ilani mlangoni. Mwaka huu hakuna kuingia ukumbini na bunduki."

Alton akainuka. Kila mwaka alitoka porini moja kwa moja, bado amevaa kizibao chake cha kuwindia, cha rangi ya chungwa. Akifika ukumbini, aliiegemeza bunduki yake kwenye kona ya makoti. Baba yake alifanya hivyo. Babu yake pia.

"Kwa nini?"

"Mwaka jana bunduki ya yule mgeni ilianguka pale konani. Watoto walikuwa wanapanga viti."

"Ya mgeni, si yangu. Na haikufyatuka."

"Haikufyatuka, kweli. Lakini ilikuwa na risasi, Baba."

"Mimi nina haki ya Katiba," Alton alisema. "Katiba ya nchi, na Katiba ya Maine. Hawa ni wakubwa tena. Walianza na hospitali, sasa wameingia kanisani."

"Walioamua ni kina mama wa jikoni."

"Basi wakubwa wamewatia maneno. Nenda kawaambie maharage hayaji. Na mimi siji."

Akachukua koleo, akamwaga udongo juu ya kuni. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Saa sita mchana, jirani yake akagonga. Jina lake Ginny Haskell. Ginny hufundisha usalama wa bunduki kwenye kituo cha zimamoto. Yeye mwenyewe ni mwindaji hodari. Kulungu wake wa mwaka huo alikuwa tayari ananing'inia kwenye mti.

"Mzee, sioni moshi kwako," alisema. "Umekufa au umenuna?"

"Nimenuna."

"Afadhali. Ungekufa, maharage tungeyapata wapi?"

Alton alimmiminia kahawa, akamweleza yote. Alipomaliza, akapiga meza kwa kidole.

"Katiba ya Maine naijua kwa moyo. Kila raia ana haki ya kuwa na silaha na kuibeba, na haki hiyo haitahojiwa kamwe. Mwaka 1987 nilikwenda kupiga kura mwenyewe. Zamani palikuwa na maneno 'kwa ulinzi wa wote'. Mahakama ikasema maneno hayo maana yake si haki ya mtu mmoja mmoja. Sisi tukayafuta."

"Umeeleza vizuri kuliko mimi darasani," Ginny alisema. "Na ile haki ya Katiba ya nchi, unajua ilitoka wapi?"

"Kwa wazee wa zamani."

"Wazee walikuwa na hofu. Mfalme wa Uingereza alikuwa ametuma askari vijijini kuchukua baruti na silaha. Watu wakapigana naye, wakashinda. Lakini wakajiuliza, je, wakubwa wetu wapya nao wakifanya vile vile? Siku zile wakulima wenyewe ndio waliokuwa jeshi la mgambo. Basi mwaka 1791 wakaongeza kifungu kwenye Katiba. Kinaanza kwa kusema mgambo wenye utaratibu mzuri ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru. Kinamalizia kwamba haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe."

"Sawasawa kabisa."

"Ndipo ubishi ulipoanzia. Wengine walishika ule mwanzo wakasema haki ni ya mgambo. Wengine walishika mwisho wakasema ni ya kila mtu. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua ni ya kila mtu, hata asiye mgambo, ajilinde nyumbani kwake. Majaji walipishana kwa kura moja tu. Lakini mahakama hiyo hiyo ikasema haki ina mipaka. Serikali inaweza kukataza bunduki shuleni, kwa mfano. Mipaka mingine inabishaniwa mpaka leo."

"Basi haki ninayo."

"Unayo. Nani amekunyang'anya?"

"Kanisa!"

Ginny akanywa kahawa kidogo.

"Yule mgombea mwenye tai nyekundu, aliyekuja hapa kuomba kura. Ulimfanya nini?"

"Nilimfukuza barazani. Hata salamu hakuimaliza."

"Katiba inampa uhuru wa kusema. Kwa hiyo ulivunja Katiba."

"Nimevunja nini? Baraza ni langu. Aende akaseme barabarani."

"Na ukumbi ni wa nani?"

Alton akachukua birika, akamwongezea kahawa.

"Haki hizi ziliandikwa kuwafunga mikono wakubwa, mzee," Ginny alisema. "Serikali. Hazimfungi mama wa kanisa mlangoni kwake, kama zisivyokufunga wewe barazani. Serikali ikija kukuchukulia bunduki bila sababu ya kisheria, piga kelele. Nitapiga pamoja nawe. Lakini huyu ni mwenye nyumba. Anasema, kwangu ingia mikono mitupu."

"Kuwafunga mikono wakubwa," Alton alirudia polepole. Maneno yale yalimkaa vizuri mdomoni. "Kumbe ndiyo kazi yake. Shuleni hawakutuambia hivyo."

"Ulikwenda shule siku ngapi?"

"Chache. Kulungu walikuwa wengi."

Wakacheka wote wawili. Alton akatazama dirishani, kwenye lile shimo.

"Udongo haukuwa mwingi," alisema. "Kuni zitakuwa kavu bado."

Jioni ile sufuria lilishuka shimoni.

Jumamosi Alton aliwinda mpaka mchana, hakupata kitu, na hakujali. Alirudi nyumbani kwanza. Akatoa risasi zote, akatazama ndani ya bunduki kuhakikisha. Akaifungia bunduki kabatini, na risasi akazifungia kwenye droo nyingine, kama Ginny anavyofundisha. Akanawa mikono. Kisha akafukua sufuria lake.

Charlene alikuwa mlangoni mwa ukumbi, chini ya ile ilani.

"Nikusaidie, Baba?"

"Niache. Leo nina mikono miwili."

Tangu Verna afe, Charlene ndiye aliyebeba sufuria lile; kabla ya hapo, miaka yote, alikuwa Verna. Mkono wa Alton ulikuwa na bunduki. Alilivusha chumba kizima akihema, akalitua mezani. Akasimama akilitazama.

"Kumbe ni zito hivi," alisema. "Na Verna hakuwahi kuniambia."

Kwenye kona ya makoti palikuwa na makoti tu. Watoto walikuwa wamejificha chini yake, miguu yao inaonekana, wanacheka. Mama mmoja wa jikoni alifunua sufuria, na harufu ya molasi ikajaa ukumbini. Watu wakaanza kupanga foleni.

Ginny akavuta kiti. Alton akakaa chini, akala kama mtu.