Mti wa Nani

Viatu vya shule vya Yunis vilianza kumpwaya wiki ya pili ya Februari.

Mtoto wa miaka tisa viatu humbana, mzazi akaguna. Vya Yunis vikaanza kupiga kofo kofo sebuleni kama vya mtu aliyeazima vya shangazi yake. Baba yake, Silasi, akacheka. Miaka ishirini na miwili ya kuendesha malori, Mwanza hadi Lubumbashi, Lubumbashi hadi Durban, ilikuwa imemwachia kitambi, mgongo mbovu na imani kwamba hakuna jambo lisiloweza kutaniwa.

"Mama Yunis, ulimnunulia mtoto viatu au mitumbwi?"

"Ni vilevile vya Januari," Hyasinta akajibu kutoka jikoni. Hakucheka.

Silasi akarudi uani kwenye mradi wake wa uzeeni. Bonsai alizionea Durban, mapokezi ya hoteli moja ambako yeye aliingia kuuliza choo tu: mti wa miaka themanini umekaa kwenye sahani, mdogo kama mboga. Akaapa kwamba akiachana na usukani, atafanya hivyo hapahapa Nyasho. Majirani walimsikitikia. Watu wote wa Musoma wanahangaika miti yao ikue, yeye anahangaika wa kwake usikue.

Miche saba ya mwanzo ilikufa yote. Wa nane ukagoma kufa. Aliununua Bunda kwa Fredy, kijana anayepanga miche kando ya barabara kuu: kisiki kinene kama kigimbi cha mguu, majani madogo, miiba mirefu iliyotoka miwili miwili.

"Mti gani huu?" aliuliza siku ile.

"Wa porini tu, mzee. Mgumu huo, hauna neno."

Silasi akaubeba hadi nyumbani, akapunguza mizizi kwa mkasi, akaufunga matawi kwa waya wa shaba, akauketisha kwenye sahani ya udongo. Kila Jumapili baada ya kanisa alikata kidogo. Kilichomtatiza ni harufu. Mti ulitoka Bunda, kwenye vumbi, lakini ukiinamia kisiki ulinuka ziwa: tope, magugu maji, samaki wadogo wa furu walioachwa juani.

Akatamani kujua jina lake. Kuna programu ya simu ya kutambua mimea, akaupiga picha. Mara ya kwanza ikasema mgunga. Mara ya pili mchongoma. Mara ya tatu haikusema kitu, ila kale kamraba ka njano ambako kamera huweka usoni mwa mtu kakatokea kwenye kioo, kakatetemeka kidogo, kakatulia katikati ya kisiki.

"Simu ya bei rahisi," Silasi akajiambia, akaizima.

Akamwita Agness, bibi misitu anayesali naye. Agness akageuza jani, akagusa mwiba, akarudisha mkono haraka. Pale ncha ya mwiba ilipovunjika yalichuruzika maji matupu, si utomvu.

"Kaka Silasi, majani ni ya mti mmoja, miiba ni ya mwingine. Mimi huu mti siujui." Akajifuta kidole kwenye sketi. "Na kama ningekuwa wewe, nisingeuweka karibu na mtoto."

Jioni hiyo Hyasinta akamsimamisha Yunis kwenye fremu ya mlango wa chumba chake. Tangu akiwa na miaka minne walikuwa wanampimia hapo, mstari wa penseli na tarehe. Wa Januari ulisema sentimita mia na thelathini na moja. Hyasinta akaweka daftari juu ya kichwa cha mtoto, akachora, akatazama.

"Simama wima, mama."

"Nimesimama."

Mia na ishirini na saba.

Hospitalini daktari akasema bila shaka walikosea kupima Januari. Wiki iliyofuata ilikuwa mia na ishirini na nne, na sketi ya shule ilimfika Yunis vifundoni. Akina mama wa jumuiya wakaja, wakasali, wakanyunyiza maji ya baraka, mmoja akamnong'oneza Hyasinta mlangoni, "Hili ni jini, mama Yunis. Linakula mtoto taratibu." Hyasinta akamgeukia mumewe, na sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Baba Yunis. Kila ukikata ule mti, mtoto anapungua."

Silasi akaacha kukata. Akafungua waya zote. Haikusaidia.

Saa saba mchana, siku ya Alhamisi, jua likiwa limesimama juu ya mabati na hata kuku wa jirani wamenyamaza, Silasi alikuwa amekaa peke yake sebuleni, mtoto amelala chumbani, Hyasinta amekwenda sokoni, akasikia nyayo zikitoka uani, nyayo za maji, chwa, chwa, chwa, hazina haraka, zikapita jikoni, zikaingia koridoni, na harufu ya ziwa ikaingia nazo nzito kama pazia lililolowa, ikampita yeye pale kwenye kiti, ikafika kwenye mlango wa chumba cha Yunis ikasimama, na sauti ya mtoto, ya chini, ya mtu anayeogopa kuambiwa hapana, ikasema:

"Na mimi nipime."

Alipoweza kuinuka alikuta alama mbili za nyayo kwenye sakafu, ndogo, zimejaa maji, visigino vimegusa fremu ya mlango. Mtu alikuwa ameegemeza mgongo hapo, akasubiri.

Silasi akachukua panga, akaenda uani, akakishika kisiki miiba ikimwingia viganjani, akavuta mti utoke kwenye sahani. Mzizi mmoja ukaachia. Ndani ya nyumba Yunis akapiga yowe, "Baba, miguu! Miguu yangu!" Panga likamponyoka. Akaurudisha mti kwenye udongo kwa mikono inayovuja damu, akiupapasa, akiuomba radhi, mwanaume mzima wa kitambi analia mbele ya sahani.

Kesho yake asubuhi aliufunga mti kwenye siti ya mbele ya gari, kwa mkanda, kama abiria. Fredy alipomwona Bunda, tabasamu likamfifia.

"Mzee, kwani unaumwa?"

"Uliung'oa wapi?"

"Butiama. Nje ya boma la mama mmoja, anaitwa Nyangi." Fredy akaangalia chini. "Ulikuwa umezungushiwa mawe. Mimi nilionaga mawe tu, mzee. Kule mawe si yako kila mahali?"

Nyangi alikuwa anaanika udaga wa muhogo juu ya mwamba, mwanamke mkavu wa miaka sitini na kitu. Silasi akamsalimu, akaonyesha kilichokuwa mikononi mwake.

"Shikamoo mama. Naomba unisaidie. Huu ni mti gani?"

Nyangi aliuinamia. Akagusa makovu ya waya, moja moja.

"Uliza vizuri, mura. Huu ni mti wa nani."

"Wa nani, mama?"

"Wa Bhoke. Binti yangu. Alikwenda kwa shangazi yake Mugango, akazama ziwani akiwa na miaka tisa. Hatukumpata. Ukoo wetu, mtoto asipopatikana tunampandia mti wa miiba, mbuzi wasimguse, tunamwambia: kua hapa. Jina lingine haukuwaga nalo." Akamkazia macho. "Wewe umemkata miguu, umemfunga waya, umemweka kwenye sahani asikue. Ulifikiri atakua kwa kutumia nini?"

"Watu wanasema ni jini."

"Nyie mnaitaga jini. Mimi nilimzaa."

"Nina mtoto mmoja tu, mama. Jana alikuwa mia na kumi na tisa."

"Tutaurudisha. Lakini kilichokatwa kimekatwa. Lazima achukue kwa mtu."

Mazoea yakamtangulia Silasi mdomoni. "Basi achukue kwangu. Mimi nina mia na themanini na mbili, na kazi ya urefu huo yote imekuwa kugonga kichwa kwenye milango ya malori."

"Unatania?"

Akafungua mdomo. "Hapana," akasema.

Wakachimba ndani ya duara la mawe. Ardhi ilikuwa kavu inalia chini ya jembe, lakini mti ulipoketi, maji yakapanda shimoni, yananuka ziwa, yakamlowesha Silasi hadi magotini, yakanywea. Akaweka viganja vyenye vidonda kwenye kisiki. "Kua, Bhoke," akasema. "Kua, mwanangu."

Wiki ya Pasaka Yunis alitoka chumbani anachechemea. "Baba, viatu vinanibana!" Silasi akaenda kujificha nyuma ya tanki la maji, akalia hadi kwikwi ikampanda.

Mwezi uliofuata alipeleka suruali tatu kwa Revocatus, fundi cherehani wa Nyasho, zikatwe chini.

"Mzee Silasi, unapungua wewe?"

"Mwili umeamua kuufuata mfuko."

Jumamosi, saa saba mchana, ilikuwa zamu yake kwenye fremu ya mlango. Yunis alipanda stuli, akaweka daftari kichwani mwake.

"Baba, usiiname."

"Siinami, mama."

"Mia na sabini na moja." Yunis akashuka, akakimbilia nje kucheza, viatu vikimbana kwa raha.

Silasi hakuondoka. Sakafu kando ya miguu yake ilikuwa inalowa polepole. Harufu ikaja. Akachukua penseli, akasogea kidogo kutoa nafasi.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Na wewe nikupime."

Mtu akaegemeza mgongo kwenye fremu, kimya, baridi. Alimfika begani. Jumamosi iliyopita alikuwa kiunoni.